UZI: "Kiongozi wa ajabu" limenitia aibu mbele ya ofisi nzima. Tujadili maneno ya vitu visivyo vya kawaida

#1 kalamu butu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu,

Naomba nianze na aibu yangu alafu ndo tuingie kwenye mada. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, bosi wetu akawa anahamishwa, tukachangishana ikanunuliwa kadi kubwa kila mtu aandike neno lake la kumuaga. Mimi pale nilikua najulikana kama mtu wa maneno, basi nikaachiwa nafasi ya katikati kabisa, ile kubwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Wewe ni kiongozi wa ajabu sana, hatutakusahau."

Siku ya kuagana jamaa akapokea kadi akaanza kusoma kwa sauti, jina moja baada ya jingine, watu makofi. Akafika kwangu. "Wewe ni kiongozi wa ajabu sana..." akanyamaza. Akasogeza miwani. Akarudia taratibu, "wa ajabu". Nyuma huko mtu akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Bosi akamalizia "hatutakusahau" na hapo ndo nikazama kabisa, maana hayo maneno mawili yakikaa jirani yanasomeka kama mtu anayeahidi kulipiza kisasi.

Wallahi nilimaanisha sifa. Kichwani mwangu nilikua namwambia ni bosi wa kipekee, hajatokea kama yeye. Kilichosikika ni kwamba ana mambo yake, haeleweki, na tunashukuru anaondoka.

Tangu siku ile nikawa nayatazama haya maneno ya vitu ambavyo haviko kama vingine, na nimegundua kwamba Kiswahili hakina hata moja lisilo na maoni. Kila neno limeshaamua kwa niaba yako. Ukisema kituko umeshacheka. Ukisema kioja umeshashika mdomo, kuna kaharufu ka aibu humo ndani, mtu anayefanya vioja hata kama anachekesha nyumbani kwao hawafurahii. Ukisema shani unaita wengine waje waone. Tunu unaificha isije ikaibiwa. Muujiza unapiga magoti, mauzauza unatoka mbio au unaanza kusoma dua. Kwahiyo ukitaka kuchagua neno usijiulize kitu chenyewe kikoje, jiulize ukikiona utafanya nini.

Sasa kero yangu ya pili, na hii ndo imenifanya nifungue uzi. Siku hizi maneno yote hayo yamemezwa na sentensi moja tu: "KATIKA HALI ISIYO YA KAWAIDA". Fungua habari yoyote. Katika hali isiyo ya kawaida mwanaume mmoja amejifungia ndani. Katika hali isiyo ya kawaida ng'ombe amezaa ndama mwenye vichwa viwili. Katika hali isiyo ya kawaida mchezaji amekosa penati. Kukosa penati! Penati zinakoswa kila wikiendi, ukawaida wake ndo huo. Ndama wa vichwa viwili na penati ya juu ya mwamba vimekaa kwenye kapu moja na msomaji hajui acheke, aogope ama asikitike.

Nina nadharia yangu ila nitaileta huko mbele. Karibuni.

#2 mpita njia

Hahahaha mkuu "hatutakusahau" 😂😂 hapo ulimmaliza. Nakaa hapa pembeni nisome komenti.

#3 mzee wa kamusi

Uzi mzuri. Naongezea kidogo upande wa asili maana wengi huyatumia bila kujua yalikotoka.

Ajabu ni Kiarabu, kule pia ni jambo la kustaajabisha, na staajabu na taajabu ni watoto wa mzizi huohuo. Lakini muujiza si ndugu yake, japo watu huyaweka pamoja. Muujiza umetoka kwenye mzizi wa kushindwa, wa kukosa uwezo, yaani ni kitu kinachowaacha wengine wote wameshindwa kufanya mfano wake. Mzizi huo ndio uliotupa ajizi, ile ya "ajizi nyumba ya njaa", na ndio uliotupa ajuza, bibi kizee aliyeishiwa nguvu. Kwahiyo muujiza, uvivu na bibi kizee ni ukoo mmoja. Ukimwambia mtu haamini.

Lakini linalonifurahisha zaidi ni maalumu. Maana yake ya asili ni "kinachojulikana". Leo tunasema kikao maalumu, kikosi maalumu, toleo maalumu, yaani kitu kilichotengwa na vile vya kila siku. Neno la kujulikana limeishia kuwa neno la kutofautiana. Na hitilafu vilevile, asili yake ni kutofautiana tu, na mpaka leo tunasema watu wamehitilafiana, wala hakuna aliyeharibika. Lakini ukisikia mashine ina hitilafu unajua fundi anatakiwa. Tofauti ikakaa muda mrefu kidogo ikawa kasoro. Nadhani hapo mleta uzi ana hoja kwamba maneno haya hayakai bila kuhukumu.

#4 sauti ya nne

Mimi napinga kidogo. Ajabu kama sifa ipo na ni ya siku nyingi, usilitupe neno kwa sababu ya kadi moja. Kwenye Biblia ya Kiswahili Isaya 9:6 inasema "Mshauri wa ajabu", hapo anadharauliwa nani? Na Zaburi 139 ule mstari wa 14, "nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha". Kwaya zinaimba Mungu wa ajabu kila Jumapili na hakuna anayekohoa. Tatizo lako halikua neno mkuu, tatizo ni kwamba bosi mwenyewe labda ALIKUA wa ajabu na watu wote walijua 😂

#5 kalamu butu

Mkuu #4 hapo umenigusa, na kuhusu bosi sitatoa maoni.

Lakini angalia hiyo Zaburi yako, ajabu imefuatana na kutisha. Ajabu ya zamani ilikua na uzito huo, kitu kinakuzidi, unakitazama huku umerudi hatua moja nyuma. Kwa Mungu inakaa vizuri. Kwa bosi wa kitengo cha manunuzi inakua shati la baba kwa mtoto. Alafu huku mtaani ajabu imeshuka thamani kwa njia moja ya kijanja sana, wameirudia mara mbili. Jengo la ajabu, unataka kwenda kuliona. Jengo la ajabu ajabu, hata kuingia hutaki. Nguo za ajabu ajabu, watu wa ajabu ajabu, meseji za ajabu ajabu saa nane za usiku. Kwenye Kiswahili mara nyingi ukilirudia neno unalipunguza, nyekundu nyekundu sio nyekundu kabisa, mtu mgonjwa mgonjwa hajaugua sawasawa, na ajabu ajabu ni ajabu iliyochacha. Sasa ukishaisikia ile ya mara mbili kila siku, hata ya mara moja inaanza kunuka.

Alafu kuna ingine watu hawaioni. "Si ajabu." Si ajabu akaja leo. Si ajabu hela ameshakula. Hapo hakuna anayezungumzia maajabu kabisa, maana yake ni huenda, tena huenda yenye ushahidi wa kimbea nyuma yake. Nikimwambia mtu huenda ameiba ni dhana. Nikimwambia si ajabu ameiba, nimeshasema namjua tangu zamani.

#6 zamu ya usiku

Mimi nipo kwenye sekta ya afya, naomba niongelee nadra na adimu kwa sababu huku kwetu yanachanganywa kila siku na hayafanani.

Nadra ni ya kutokea. Adimu ni ya kupatikana. Jambo ni nadra kama halitokei mara kwa mara, kitu ni adimu kama unakitafuta hukipati. Ndomana adimu ina kitenzi chake kabisa, dawa zimeadimika, na hata mtu unamwambia "mbona umeadimika sana siku hizi", maana nimekutafuta hupatikani. Huwezi kumwambia umekua nadra, atakuuliza nadra ndo nini.

Mfano mzuri ni tarehe 29 Februari. Hiyo ni nadra, inakuja kila baada ya miaka minne, na hata hiyo minne haina uhakika kwa sababu 1900 haikua na tarehe hiyo na 2100 haitakua nayo, aliyezaliwa 29 Februari 1896 alisubiri mpaka 1904 ndo akaiona tarehe yake tena, miaka 8 nzima. Lakini sio adimu, hakuna mtu aliyeikosa kwa sababu wengine wamewahi foleni. Ikifika wote tunaipata.

Na kuna watu walioitumia hiyohiyo kwa akili sana. Siku ya kimataifa ya kukumbuka magonjwa yasiyoonekana mara kwa mara iliadhimishwa mara ya kwanza 29 Februari 2008, wakachagua siku nadra kwa ajili ya magonjwa nadra, miaka mingine inafanyika siku ya mwisho ya Februari. Wengi wanaita magonjwa adimu, na hapo ndo sikio langu linakataa. Ugonjwa adimu ni kama vile kuna mtu anautafuta anaukosa! Kilicho adimu ni dawa yake, na daktari anayeujua. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Kwa Umoja wa Ulaya kipimo ni usizidi watu 5 katika kila 10,000. Na cha kushangaza (naona nimekwepa "cha ajabu" 😅) magonjwa ya namna hiyo yanayojulikana ni zaidi ya 6,000, kwahiyo kila mmoja ni nadra lakini ukiwakusanya wagonjwa wote duniani inakadiriwa ni kama milioni 300. Nadra nyingi zikikaa pamoja zinakua umati.

#7 fundi maneno

#6 umemaliza. Ila nakuongezea kwamba nadra lazima useme wapi. Kupatwa kwa jua kikamilifu ni nadra? Duniani kunatokea mahali fulani karibu kila miezi 18. Lakini ukikaa sehemu moja hutoki, kwa wastani utasubiri kama miaka 375. Watu wawili wanabishana mmoja anasema nadra mwingine anasema mbona kila baada ya mwaka na nusu kupo, na wote hawajasema uongo.

Kuhusu adimu wazee walikua na tashbihi zao. Adimu kama kaburi la baniani, sababu Wahindu huchoma maiti zao, sasa kaburi utalitoa wapi. Adimu kama maziwa ya kuku. Adimu kama wali wa daku. Angalieni hizo tatu hazipo sawa jamani, nimezifikiria sana. Maziwa ya kuku hayapo kabisa. Kaburi la baniani kimsingi halipo, ila ukizunguka sana labda. Wali wa daku upo, wewe tu umechelewa kuamka. Kwahiyo wazee waliweka adimu kwenye ngazi tatu alafu wakatuachia tuchague, na sisi tunasema "adimu sana", basi.

#8 mpita njia

Nilisema nakaa pembeni ila hiyo ya wali wa daku imenitoa 😂😂😂

#9 nanga na kamba

Wakuu mimi nawaletea samaki, alafu mniambie anaitwaje kwa haya maneno yenu.

Desemba 1938 kule Afrika Kusini meli ya uvuvi ilitua na samaki mmoja mkubwa wa rangi ya samawati, mapezi yake yana nyama kama vimiguu. Dada mmoja aliyekua anasimamia makumbusho ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona kwenye rundo akajua huyu sio wa kawaida. Akamtafuta mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Ilipothibitika, wanasayansi walishikwa na bumbuwazi, kwa sababu ni silakanti, na silakanti walikua wanamjua kwenye mawe tu, mabaki yaliyoganda, na walidhani ameshatoweka miaka kama milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria.

Smith akakaa anatafuta wa pili. Akasambaza vipeperushi vya kuahidi zawadi ya pauni 100. Ilichukua miaka 14, mpaka Desemba 1952, akapatikana Komoro.

Sasa sikieni. Wavuvi wa Komoro walikua wanamjua. Wana jina lake, gombessa, na wala hawakumthamini, nyama yake haina maana. Mtu anavua samaki wengine anatoka na gombessa anaudhika. Wakati huohuo huko vyuoni watu wanalia machozi ya furaha.

Kwahiyo huyu samaki ni nini? Muujiza? Shani? Kwa Smith alikua tunu. Kwa mvuvi alikua nuksi ya siku hiyo. Samaki ni yuleyule na magamba yaleyale.

#10 mzee wa kamusi

Swali zuri sana hili #9. Jibu langu: kwa Smith samaki huyo alikuwa adimu, kwa mvuvi alikuwa nadra. Smith alimtafuta akamkosa miaka 14. Mvuvi hakumtafuta, alimtokea mara mojamoja. Naona tofauti aliyoitoa #6 imefanya kazi hapa kuliko kwenye magonjwa yake mwenyewe.

Na kuna neno la tatu ambalo uzi huu bado haujaligusa, -geni. Kwa Wakomoro alikuwa nadra lakini hakuwa mgeni. Kwa wanasayansi ilikuwa kinyume, walishamjua kwa jina na mifupa tangu karne ya 19 lakini sura yake hai ilikuwa ngeni kwao. Hapa naomba niseme la kisarufi maana linaniuma. Lugha ngeni na lugha ya kigeni ni vitu viwili. Lugha ya kigeni ni ya watu wa nje hata kama unaizungumza vizuri. Lugha ngeni ni ambayo wewe hujaizoea, hata ikiwa inazungumzwa mlango wa pili. Watu siku hizi wanaandika "jambo la kigeni" wakimaanisha hawajalizoea. Jambo geni, jamani. Neno geni, tabia ngeni, kitu kigeni, maneno mageni. Likishaingia "-a ki-" limekata pasipoti.

#11 kalamu butu

Mzee #10 "limekata pasipoti" naiba hiyo.

Sasa nilete nadharia yangu niliyoahidi, maana mzee ameshafungua mlango wa sarufi. Kwa nini kila habari inaanza na "katika HALI isiyo ya kawaida" na sio kitu kingine? Mimi nadhani ni uoga wa ngeli. Jaribu mwenyewe kwa sauti: mtu asiye wa kawaida, watu wasio wa kawaida, mti usio wa kawaida, jambo lisilo la kawaida, mambo yasiyo ya kawaida, kitu kisicho cha kawaida, vitu visivyo vya kawaida, mahali pasipo pa kawaida. Unapatana mara mbili kwenye kila moja, mbele na nyuma, ukiteleza moja tu umeonekana. Mwandishi ana dakika kumi mhariri anamfokea. Hali ni i-, isiyo ya, basi imeisha. Unaichomeka mwanzo wa sentensi kama koma alafu unaendelea na maisha yako, hata haiungani na kitu chochote kule mbele. Sio kwamba jambo halikua la kawaida, ni kwamba kisarufi ilikua salama.

Na mwenye haraka zaidi anasema "kitu isiyo ya kawaida" tu. Nimeyasikia hayo redioni kwa masikio yangu haya.

Alafu kuna ujanja mwingine ambao mimi naupenda na wala sio kosa: cha ajabu, la ajabu, ajabu ni kwamba. Cha ajabu mlango ulikua wazi. Hiyo cha ni ya kitu ambacho hakijatajwa, la ni ya jambo au neno. Mama yangu alikua anasema la ajabu, mimi nasema cha ajabu, mdogo wangu anasema "yaani". Kwisha.

#12 kijana wa juzi

Wazee mnatuchosha na ngeli 😂 sisi tuna yetu. Kitu kikizidi tunasema SIO CHA NCHI HII. Ule mpira sio wa nchi hii. Mtu ana roho mbaya sio ya nchi hii. Huyo dogo si wa kawaida, hapo ni sifa tupu na wala hakuna mtu anakohoa mleta uzi, ungemwambia bosi "wewe si wa kawaida" angetoka na bichwa. Habari ikiwa ya kushangaza unasema hii kali, ikizidi ni kali ya mwaka hata kama ndo kwanza Januari. Ikifuatia ingine juu yake hiyo ni ya kufunga kazi. Sasa niambieni kati ya hizo na "katika hali isiyo ya kawaida" ipi ina uhai.

#13 Bi mdogo

#12 umesahau "makubwa!"

Bibi yangu mimi hajawahi kutumia hata neno moja kati ya yote mliyoyataja humu. Shani, nadra, adimu, hana habari nayo. Simu inapigwa, yeye ameegemea ukuta, anasikiliza dakika nzima kimya, huku anatikisa mguu. Anaambiwa labda mtu fulani ameoa mke wa tatu, au fulani aliyezikwa juzi sio yeye. Akimaliza kusikiliza anavuta pumzi anasema, "Makubwa. Madogo yana nafuu." Anakata simu. Ukimuuliza bibi kuna nini anakwambia hakuna kitu.

Na mkimtaka azungumze zaidi ni "ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni", hapo jua habari ni nzito sana na kesho kuna safari.

#14 mkalimani wa kujitegemea

Nimesoma wote kwa furaha ila naomba nitetee "isiyo ya kawaida" maana mnaipiga mawe na mimi inanilisha.

Mimi natafsiri ripoti za kitaalamu. Ripoti inasema kuna seli ambazo hazifanani na zile zinazotarajiwa. Niandike nini? Seli za ajabu? Mgonjwa anazimia hapohapo mapokezi. Seli ngeni? Atadhani zimetoka kwa mtu mwingine. Vioja? 😂 Zenye hitilafu? Nimeshamwambia anaumwa kabla ya daktari, na inawezekana kabisa si ugonjwa. Seli nadra nazo si kweli, huenda zipo nyingi tu. "Seli zisizo za kawaida" ndilo neno pekee linalosema kitu kimetoka nje ya mstari na likanyamaza hapo. Mleta uzi umesema hakuna neno la Kiswahili lisilo na maoni. Lipo, ndo hilo, na ndo maana halina ladha. Maji pia hayana ladha.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba waandishi wa habari wameligeuza kuwa chumvi. Wanalimwagia mahali ambapo wanataka usisimke, wakati kazi yake ni kukutuliza. Matokeo yake sasa mimi nikiandika "majibu yasiyo ya kawaida" kwenye karatasi ya hospitali, mtu anasikia sauti ya mtangazaji wa saa mbili usiku, anajua amekwisha.

Na kwa watu ndio kabisa kuwa makini. Mtoto anayejifunza kwa namna yake, mtu mwenye mwili usiofanana na wengine, mkisema kituko au kioja mmemfanya onyesho. Mahitaji maalumu limekaa vizuri kwa sababu hiyo, na sasa mzee #3 ameniambia asili yake ni "kinachojulikana", basi nitalipenda zaidi.

#15 zamu ya usiku

#14 nakuunga mkono kwa asilimia zote, hiyo ya majibu naiona kila wiki. Nilishamwambia mama mmoja majibu yako kuna kitu hakiko kawaida tutarudia kipimo, akaniuliza nimebakiza siku ngapi. Sampuli tu ilikua imeganda.

Na kuhusu ugonjwa adimu nakubali yaishe, watu wameshalizoea, siwezi kupigana na dunia nzima. Ila kichwani mwangu ni nadra mpaka nastaafu.

#16 kalamu butu

#14 umenirekebisha, nafuta ile sentensi yangu ya "hakuna hata moja". Lipo moja na limechoka kwa kazi isiyo yake.

Wakuu kuna maneno bado hatujayagusa vizuri, mfano vitimbi (mimi naona ni vituko vyenye nia mbaya), na mazingaombwe na kiini macho, ila hayo ni ya kitu kinachojifanya si cha kawaida wakati ukweli kuna uzi umefungwa kwa chini. Na mtu kufanya mambo kivyakevyake, hiyo ni tamu, inatoa lawama nusu na heshima nusu. Atakayetaka aendelee.

Ila tumalize kesi ya kadi. Kesho kutwa kuna mwingine anaagwa, na wamenipa tena nafasi ya katikati, sijui ni imani au ni uchokozi. Wa ajabu sitaki. Wa kipekee limeshaandikwa mara nne kwenye kadi hiyohiyo, nimelihesabu. Adimu atadhani nasema haonekani ofisini, ambayo ni kweli lakini sio leo. Nimeandika hivi kwenye karatasi ya pembeni: "Hatujawahi kupata bosi kama wewe."

Vipi hapo?

#17 sauti ya nne

Mkuu 😂😂😂 hiyo ndo mbaya kuliko zote.

#18 mzee wa kamusi

Usiandike hiyo. Andika jina lako na tarehe.